Tano na Mbili

Baba yangu alipopofuka, kitu cha kwanza alichokililia hakikuwa nyuso zetu. Alililia ubao. Nyuso anazijua, alisema, na kwa umri wake hazimletei habari mpya. Lakini hesabu isiyoandikwa mahali humponyoka katikati ya hatua, akabaki ameshika salio asilojua limetoka wapi. Alikuwa amefundisha hisabati katika shule za upili za Nyamira maisha yake yote ya kazi. Presha ya macho ilimchukua pole pole, jicho moja kwanza, kisha la pili.

Niseme mapema kwamba nyumbani tunamwita tata. Kwa Kigusii baba ni mama, na tata ndiye baba. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza hadi leo huniletea insha ambamo baba anamnyonyesha mtoto huku tata akichuma chai, nami nasahihisha bila kucheka. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Katika nyumba ya mwalimu wa hisabati hiyo ni kazi ya daraja la pili, na tata hakuwahi kunificha hilo.

Tunaishi juu ya Keroka, mahali ambapo malori ya barabara ya Kericho yanasikika yakibadilisha gia lakini hayaonekani. Kuna chai mbele ya nyumba, ndizi nyuma, na benchi ukutani penye jua la asubuhi. Mama alifariki miaka kadhaa iliyopita. Kaka yangu mkubwa ana duka la vipuri vya magari Nakuru, na mke, na watoto. Mimi sikuolewa, kwa hiyo ilieleweka bila kikao chochote kwamba mimi ndiye nitakayekaa na mzee. Sikulalamika. Nilikuwa nampenda, na shule yangu iko karibu.

Sasa nambari yenyewe. Chukua mbili. Izidishe kwa mbili, upate nne. Tena kwa mbili, upate nane. Endelea hivyo mpaka ziwe zimezidishwa pamoja mbili mia moja ishirini na saba. Kwenye jawabu lako ondoa moja. Utabaki na nambari ya tarakimu thelathini na tisa, na nambari hiyo, pamoja na urefu wake wote, haigawanyiki kwa kitu chochote ila moja na yenyewe. Ukiiandika kwa namna mashine zinavyohesabu, kwa moja na sifuri peke yake, ni moja tupu mstari mzima, hakuna sifuri hata ya kusingiziwa. Tata aliipenda kwa hilo. Aliipenda zaidi kwa kuwa Mzungu mmoja wa zamani aliithibitisha kwa mkono, kabla kompyuta hazijaundwa. Hakujaribu kuigawa kwa hii na ile. Angejaribu, angekuwa bado anagawa. Alipita njia ya pembeni. Unaanza na nambari ndogo, unaizidisha kwa yenyewe, unaondoa mbili, unagawa jawabu kwa ile kubwa na kushika salio, kisha unarudia yale yale kwa lile salio, tena na tena, na mwisho kabisa salio likiwa sifuri, umeipata. Kompyuta zimekwisha kupata kubwa kuliko hiyo, zenye tarakimu za kujaza rafu za vitabu. Tata hana haja nazo. Hizo, husema, hazijapita mkononi mwa mtu.

Yeye alifundisha kwa Kiingereza, maana ndivyo hisabati inavyofundishwa kwetu. Mimi ndiye niliyemletea istilahi za Kiswahili, wakati wa chakula, bila kuombwa. Shufwa aliipenda: nambari inayogawanyika kwa mbili. Witiri, isiyogawanyika kwa mbili, aliikubali. Tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na yenyewe, aliikataa katakata. Aliuliza mbona tunaitukana nambari. Haijanyimwa kitu, alisema, ni kwamba imekataa kugawanywa. Nikamwambia ni istilahi tu, tata, imo kwenye kamusi. Akasema basi kamusi haina adabu.

Mimi ni mwanamke wa makamo ambaye hakuzaa, na neno hilo nimelisikia nje ya kamusi, likisemwa kwa sauti ya kushushwa ninapopita na Biblia yangu Jumamosi asubuhi. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, yeye na mimi. Siku ile aliposema kamusi haina adabu nilijua tumelizungumza, na nikaenda jikoni kusonga ugali nikiwa na furaha nisiyojua niiweke wapi.

Baada ya kupofuka alianza kuisoma nambari kwa sauti kila asubuhi pale kwenye benchi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Wachumaji chai waliopita njiani wakaanza kuniuliza mzee anahesabu nini. Swali hilo kwetu si la kupuuza. Mzee anayenong'ona peke yake alfajiri huzungumziwa kuwa mchawi, na maneno yakishaanza hayana breki. Niliwaambia anasali. Watu wa kanisa letu wanaielewa sala, hata ikiwa ndefu.

Kisha akataka jiwe. Alitaka nambari yake ichongwe kwenye jiwe la sabuni la Tabaka, lile laini la vinyago, tarakimu zimeingia ndani ili kidole kizifuate, asiwe anategemea kichwa peke yake. Alijua kichwa kimeanza kuvuja. Hakusema hivyo, lakini niliona namna alivyolisisitiza: liwe jiwe, lisiwe ubao wala bati, na liwe karibu na benchi.

Nilipata simu ya mchongaji mmoja kupitia kwa mwalimu mwenzangu. Kazi yake ilikuwa ndovu, viboko na sahani za sabuni za kuuziwa wafanyabiashara. Aliuliza kama hiyo ni nambari ya simu. Nikamwambia hapana. Akauliza kama ni ya kuweka kaburini. Nikamwambia mzee mwenyewe yuko hapa anakusikia. Akaomba radhi sana.

Aliniomba nimsomee kwa Kiswahili, mbili mbili. Kigusii kina urefu wake kwenye hesabu: sita kwetu ni tano na moja, saba ni tano na mbili, nane ni tano na tatu, na mtu anayeandika kwa haraka anajikwaa. Nambari nilikuwa nimeitafuta mtandaoni ili nisimtegemee tata, nikakuta ni ile ile anayoisema kila asubuhi, haina kasoro. Basi nikaweka simu kwenye spika nikaanza: moja na saba, sifuri na moja, nne na moja. Fundi anarudia, mimi naendelea, msumeno wa mtu unalia nyuma yake. Tata alikuwa kando yangu, midomo yake ikienda pamoja na yangu. Thelathini na tisa ni witiri, kwa hiyo mwishoni ilibaki tarakimu moja peke yake bila mwenzake, saba. Nilipovuta pumzi niitaje, tata aliinamia simu akaitaja mwenyewe, kwa Kigusii, kwa sauti ya mwalimu anayefunga kipindi: isano na ibere. Fundi akasema sawa mzee. Tata akamwambia akimaliza ajumlishe tarakimu zote; zikileta mia moja hamsini na nne, ajue hakukosea.

Fundi hakuwa na haraka, na wakati jiwe likichongwa mambo ya tata yalikwenda mrama. Asubuhi moja nikiwa shuleni alichukua fimbo yake, akavaa koti la kazi, akateremka peke yake kwenda kufundisha. Wachumaji walimkuta chini kwenye kituo cha kununulia chai, amesimama mbele ya magunia, akiyauliza kwa hasira kwa nini hayajafanya zoezi. Walimrudisha kwa heshima, wamemshika mikono. Lakini watu wana simu, na kabla sijafika nyumbani kaka alikuwa amesikia huko Nakuru.

Kaka si mtu mbaya. Alilia kwanza, halafu akapanga. Nyumba yake ina chumba chini, hospitali iko karibu, mkewe anaweza kumwajiri mtu wa kumwangalia mchana. Shamba la chai likodishwe. Jumapili angekuja na gari, tukae na baba mdogo wetu kama shahidi, na jioni aondoke na tata. Nilimweleza tata yote. Akasema hapa anaijua kila hatua kwa nyayo, jikoni, chooni, kwenye benchi, mpaka kwenye mgomba wa mwisho; huko atakuwa mzigo uliowekwa kwenye kochi, unasikiliza televisheni ya watu. Aliniomba nisikubali. Hakuwa mtu wa kuomba, na kule kuomba kwake kulinitia uchungu kuliko magunia yale ya chai.

Nikampigia fundi nikamhimiza jiwe liwe Keroka kabla ya Jumapili. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kaka amkute tata amefurahi, jiwe lake mapajani, anasoma kwa vidole nambari ambayo sisi sote hatuwezi kuishika kichwani. Nani atamwambia mtu kama huyo hana akili? Niliuona huo ni mpango wa ujanja sana.

Jumapili ikafika. Tulikaa sebuleni wanne: tata, kaka, mimi, na baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa na huweka kofia yake gotini anapotaka kuonekana hana upande. Chai ilinywewa. Kaka akaanza kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya, maana haukuacha mahali pa kugombana. Alimuuliza tata leo ni siku gani. Tata akasema Jumanne. Alimuuliza amekula nini asubuhi. Tata akasema hajala, na kikombe cha uji wa wimbi kilikuwa bado mezani mbele yake. Kisha, bila kuulizwa na mtu, tata akanigeukia akataka kujua kama mama amesharudi kutoka shamba. Baba mdogo akaanza kuikagua kofia yake.

Hapo ndipo nilipolileta jiwe. Sikuwa hata nimelitoa kwenye gunia tangu nilichukue stendi. Lilikuwa la rangi ya maziwa, limepigwa msasa mpaka likawa kama ngozi, na fundi alikuwa ameipanga nambari kwa namna iliyompendeza macho, mistari mitano ya tarakimu nane nane, imejaa kila pembe:

17014118
34604692
31731687
30371588
41057252

Nikaliweka mapajani mwa tata. Uso wake ukafunguka. Vidole vikaanza kutembea, mstari wa kwanza, wa pili, midomo ikisema pamoja navyo, na hata kaka akasogea mbele kwenye kiti. Nilimtazama kaka nikajiambia, haya, ona mwenyewe. Mstari wa mwisho ulipokwisha, vidole vilirudi nyuma, vikaenda tena, vikasimama pembeni.

"Hili si langu," tata akasema.

Kaka akamwambia kwa upole ule ule kwamba ni lake, yeye mwenyewe ndiye aliyeliagiza. Tata akasema aliagiza, ndiyo, lakini hili si lake. Kaka akanitazama, na katika kutazama huko yalikuwemo yote: unaona sasa. Mimi nikajumlisha tarakimu, nikizigusa moja moja kwa kucha. Zilikuja mia moja hamsini na nne. Nikajumlisha tena nikiombea niwe nimekosea, zikaja zile zile. Nikamwambia jumla ni sahihi, tata. Maneno yalinitoka kwa shida, kwa sababu nilijua nimetoa ushahidi wa kumfunga. Nilijichukia.

"Jumla si kitu," akasema. Alimgeukia kaka, au mahali sauti ya kaka ilipokuwa. "Ya mwisho ni ngapi?"

Kaka akainama akaangalia. Akasema ni mbili.

"Kwa hiyo?"

Nilisahau kusema kwamba kaka alifundishwa na tata kidato cha pili, na hakupendelewa hata kidogo. Mwanamume mwenye duka na wafanyakazi akanyoosha mgongo kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Tulisikia lori likipanda kule chini.

"Ni shufwa," akasema mwishowe.

Hata mimi nililiona wakati huo, na jamani, lilikuwa jambo la darasa la sita. Nambari inayoishia na mbili inagawanyika kwa mbili. Iwe ndefu namna gani, haiwezi kuwa tasa. Lakini tata hakuishia hapo. Alikunja vidole akatuonyesha. Mbili, nne, nane, sita, alisema, halafu tena mbili, nne, nane, sita: ndivyo zinavyoishia unapoendelea kuzidisha kwa mbili, hazijui mwendo mwingine. Mia moja ishirini na saba ukiigawa kwa nne unabaki na tatu. Ya tatu ni nane. Ondoa moja, ni saba. Hakuwa anakumbuka. Alikuwa anaitafuta pale pale mbele yetu, akaipata, na nilitamani kupiga makofi. Kisha akauliza nani amemwekea mbili mahali pa saba yake, na kwa nini jiwe limejaa hivi. Palitakiwa kubaki nafasi moja wazi.

Nikampigia fundi, simu kwenye spika. Fundi alikuwa kwenye harusi, akatoka nje ili asikie. Alijitetea vizuri. Alisema tulikuwa tunasoma mbili mbili, hii na hii, na ya mwisho kabisa mzee mwenyewe ndiye aliyeitaja, tena alimsikia vizuri: tano na mbili. Akaandika tano, akaandika mbili. Halafu akajumlisha kama alivyoambiwa, ikaleta mia moja hamsini na nne barabara. Alifurahi hata zikapangika nane nane bila kubakisha.

Tata akaling'amua kosa, na alicheka mpaka akakohoa, akacheka tena. Kilichomchekesha si kosa, alisema, ni ile jumla: tano na mbili ni saba, basi jumla ingeona nini? Alikuwa amempa fundi kipimo kisichoweza kulikamata kosa lile hata kidogo, na kosa lenyewe lilitoka kinywani mwake. Baba mdogo naye alicheka, kofia ikaanguka. Kaka alikuwa amefunika macho kwa mkono na sikujua anacheka au vipi.

Fundi akasema atachonga jingine bila malipo, mzee asiwe na wasiwasi. Tata akamwambia aache. Simu ilipokatwa alikaa akilipapasa jiwe, na alipoanza kusema alikuwa hana tena mchezo. Aliongea na kaka, kwa Kigusii, taratibu, na nayaweka hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Mmenipima kwa Jumanne na uji. Siku sizijali tena, na uji ni uji. Nipimeni kwa jiwe hili. Nitalisoma kila asubuhi. Maadamu nawaambia ni bovu, niacheni nyumbani kwangu. Siku nitakayowaambia liko sawa, njoo unichukue, wala usiniulize." Kisha akanielekea mimi. "Na wewe usinisaidie."

Kaka alitaka kupinga, nikaona akitafuta pa kuanzia asipapate. Alikubali kwa shingo upande. Baba mdogo akaomba, sala fupi kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na kaka akarudi Nakuru na gari tupu.

Tangu hapo asubuhi zetu zikawa na ratiba. Namwandalia maji, namfikisha kwenye benchi, namwekea jiwe mapajani, naondoka hatua chache nikijifanya naokota kuni. Vidole vinatembea. Mwishoni vinasimama, na tata anamlaani fundi wa Tabaka kwa laana mpya: leo ni fundi wa viboko, kesho ni mtu aliyejifunzia hesabu kwenye harusi. Mimi nacheka kwa moyo mweupe kabisa. Sijui watu wangapi duniani huamka wakiombea kusikia kitu chao ni kibovu.

Kaka alianza kupiga simu kila siku kabla ya kufungua duka. Zamani alipiga mwisho wa mwezi. Hakuuliza habari za mzee wala za chai. Aliuliza, "Jiwe vipi?" nami nikamjibu, "Bado bovu," akasema asante Mungu, tukaagana. Hiyo ikawa salamu yetu. Mwanzoni nilimshuku, nikadhani anasubiri tu siku yake ifike apate alichokitaka. Niliacha kumshuku siku aliyopiga akiwa na homa, sauti imemkauka, akauliza swali lile lile, na nilipomjibu nikamsikia akimwambia mkewe pembeni: bado bovu.

Vitu vingine vilikuwa vinaondoka. Sitaki kuvipamba. Tata alisahau kanisa, akasahau jina la baba mdogo, akasahau kwamba amestaafu, akakumbuka, akasahau tena. Akaanza kuniita kwa jina la mama, na baada ya muda nikaacha kumsahihisha, kwa kuwa alilitaja vizuri, kwa upole ambao sikuusikia kwake wakati mama akiwa hai. Kuna siku alikataa chinsaga niliyompikia, mboga aliyoipenda tangu utoto, akidai mimi ni mgeni na hajui nimeweka nini. Nilitoka nje nikalia kwenye migomba. Lakini kesho yake vidole vilitembea mpaka mwisho, vikasimama, na akasema ni nani aliyeleta shufwa nyumbani kwake. Nikampigia kaka nikacheka peke yangu barabarani nikienda kazini.

Niliwahi kumuuliza anawezaje kuijua hiyo na asinijue mimi. Sikutaka kumlaumu, nilitaka kuelewa. Akasema mimi nabadilika. Nambari ile haikuanza na haitaisha. Hata dunia ikiondolewa, haitagawanyika. Watu wanamtoroka, alisema, ndiyo sababu anashika kile kisichokwenda popote. Nilikubali jibu hilo. Lilinichoma, nisikudanganye, lakini lilikuwa jibu la mtu mwenye akili zake.

Wiki iliyopita palikuwa na ukungu asubuhi, ule unaoshuka mpaka mlangoni, na chai haionekani. Nilimvalisha sweta, nikamweka kwenye benchi, nikampa jiwe. Niliokota vijiti vyangu. Vidole vilikwenda vizuri, wala havikusita popote. Vilifika mwisho wa mstari wa tano, vikapita, na mkono wake ukalala bapa juu ya jiwe.

"Liko sawa," akasema.

Nilikuwa nimeagizwa nisimsaidie, na nilimsaidia. Nilimuuliza, lote? Akasema lote, fundi huyo ni mtu wa kazi, apewe shukrani. Nikasogea nikaangalia. Jiwe la sabuni ni laini, na asubuhi zote zile za kidole zimelilainisha zaidi, lakini mbili ilikuwa bado mbili, mkia wake unaonekana. Tata akauliza, kwa neno lile la Kiswahili alilolikataa zamani, kama ni tasa.

"Ni tasa, tata," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilimletea chai, nikamshikisha kikombe kwa mikono miwili, nikaenda nyuma ya jikoni na simu. Kaka aliipokea kabla haijalia vizuri. Aliuliza jiwe vipi. Nikamwambia amesema liko sawa.

Aliuliza kama huenda tarakimu imefutika kwa kuguswaguswa. Nikamwambia nimeangalia, haijafutika. Aliuliza kama nina hakika amefika mwisho. Nikamwambia nina hakika. Nyuma yake mteja alikuwa anauliza kama vipuri vya gari lake vimefika, na hakuna aliyemjibu. Nilisubiri aniambie anakuja lini. Chumba kilikuwa tayari tangu mwaka jana, nami nilikuwa nimeshapiga moyo konde, nimeanza hata kufikiria nguo zipi zitangulie.

"Muulize tena kesho," kaka akasema, na akakata simu.